Kibarua Asipotokea

Ukipanda matatu katikati ya Mombasa ukamwambia makanga kuwa unashuka Kiembeni, atakuvusha Daraja la Nyali bila kukuuliza swali la pili. Kiembeni ya leo iko bara, kaskazini mwa kisiwa, mtaa mkubwa wenye watu wake na msongamano wake. Nami nilifanya kosa hilo nilipoanza kuzifuata nyayo za mgomo wa wafanyakazi wa Mombasa wa 1947. Nilishuka, nikatazama vibanda vya mahamri na maduka ya simu, nikajua nimepotea njia kwa kilomita kadhaa na kwa miaka 70 na ushei. Kiembeni niliyoitafuta ilikuwa humu humu kisiwani, jirani na Majengo, na wala haikuwa mtaa. Ilikuwa uwanja wa mpira.

Nikarudi kisiwani. Lakini sikwenda Majengo moja kwa moja, maana wale walioujaza uwanja ule hawakuanzia hapo. Walitoka kazini, na kazi yenyewe ilikuwa Kilindini.

Jina linajieleza: kilindi ni maji yenye kina. Miaka ya 1920 yalipojengwa magati ya maji marefu, meli kubwa ziliweza kufunga ukutani badala ya kutia nanga mbali na kungoja matishari yaje kuchukua shehena. Gati lilipunguza kazi ya tishari, halikupunguza kazi ya bega. Gunia la kahawa kutoka bara, mtumba wa pamba kutoka Uganda, magadi, saruji, vyuma vya reli, vyote vilipitia mikononi mwa watu waliosimama getini alfajiri wakingoja kuitwa. Aliyeitwa alifanya kazi, jioni akalipwa, na kesho ikawa siku nyingine. Watu hao waliitwa makuli kwa kazi yao na vibarua kwa ajira yao.

Neno hili la pili lataka tulitulize kidogo, kwa kuwa tumelizoea mno. Kibarua ni barua ndogo. Katika karne ya 19, Unguja na katika miji ya pwani hii, mwenye watumwa aliweza kumkodisha mtumwa wake kwa siku, akabebe mizigo au akapakue jahazi. Mtumwa alipewa kijikaratasi, na kijikaratasi kikageuka fedha, na fedha ikagawanywa: fungu la bwana, fungu la mtumwa. Kwa kupita miaka jina la karatasi likamganda mtu. Unguja utumwa ulifutwa kisheria 1897, pwani ya Kenya 1907. Karatasi ikabaki, mtu akabaki na jina la karatasi, na fungu la bwana likahamia kwingine.

Aliyetoka katika utumwa, au mwana wa aliyetoka, alijifunza jambo moja ambalo mwajiri Mzungu hakulipenda hata siku moja: kwamba kibarua hana mkataba wa kesho. Akitaka atakwenda, asipotaka hatakwenda. Mdigo au Mgiriama aliweza kubeba mizigo siku kadhaa, akapata ya kodi na ya kitoweo, akarudi kwao kulima mihogo na kugema mnazi. Maofisa wa serikali walilalamika miaka nenda miaka rudi kwamba watu hawa ni wavivu, hawajui thamani ya kazi. Mimi naona walijua vizuri sana. Uvivu uliolalamikiwa ulikuwa ndio uhuru wenyewe, na ndio silaha. Mtu ambaye kila siku ana hiari ya kutotokea hahitaji chama wala katibu ili kugoma. Anahitaji tu wenzake nao wasitokee siku ileile.

Karatasi nyingine ilikuja kutoka upande wa pili. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920, kila mwanamume Mwafrika mtu mzima katika Kenya alitakiwa kubeba kipande, hati yenye alama za vidole na maandishi ya waajiri wake, ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inia shingoni mithili ya kengele ya mbuzi. Kibarua kilimwachia mtu njia, kipande kilimfunga. Huko Tanganyika, katika mashamba ya mkonge, neno hilohilo la kipande lilikuwa na maana ya kadi ya siku 30 za kazi: humalizi siku, hupati mshahara wa mwezi. Ukitaka kuandika historia ya mfanyakazi wa nchi hizi, waweza kuifuata karatasi tu, toka mkono hadi mkono, usipotee.

Mwaka 1934 kampuni za kupakua meli zilijaribu kuwapunguzia makuli wa Kilindini ujira wao wa siku. Hawakutokea. Mwaka 1939, mwishoni mwa Julai, walianza wafanyakazi wa idara ya ujenzi wa serikali wakidai posho ya nyumba, wakafuata wa manispaa na wengineo, na ilipoingia Agosti bandari nayo ikasimama. Serikali iliunda tume chini ya Harold Willan, nayo ikakuta jambo ambalo kila mpangaji wa Majengo angeweza kuwaambia bure: watu wengi, vyumba vichache, kodi juu.

Nyumba za Majengo ya wakati ule zilikuwa zile za Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, paa la makuti, uani nyuma. Mwenye nyumba mara nyingi hakuwa mwenye kiwanja. Chumba kimoja kilipangishwa kwa wanaume kadhaa waliotoka mbali, Wakikuyu, Waluo, Wakamba, Wataita, kila mmoja na mkeka wake. Hawa, tofauti na makuli wa pwani, wengi walikuwa wa mshahara wa mwezi, katika reli, katika maghala, katika majumba ya Wazungu. Shamba la mihogo la kukimbilia lilikuwa mbali nao mwendo wa siku nzima wa garimoshi. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili na Mombasa ikajaa majeshi na manowari, bei ya nguo na chakula ilipanda, mishahara ikajikokota nyuma. Mwaka 1945 kamati nyingine, ya Phillips, ilichunguza tena. Kamati hazikukosekana katika mji huu.

Turudi sasa njiani. Kutoka geti la Kilindini hadi Majengo ni mwendo wa mguu usiochosha, ukifuata ile ambayo zamani iliitwa Barabara ya Kilindini na sasa ni Moi Avenue, unapita chini ya pembe zile za ndovu zinazopigwa picha na kila mgeni, kisha unageuka kaskazini. Kwa makuli wa 1947 pembe hizo hazikuwapo bado. Nilitembea njia hiyo asubuhi ya Jumatatu, kwa makusudi, maana tarehe 13 Januari 1947 nayo ilikuwa Jumatatu.

Siku hiyo kisiwa hakikuamka. Bandari ilikaa kimya, reli nayo kadhalika, mahoteli yakakosa wapishi. Katika majumba ya Kizungu, boi hakuleta chai. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi, na hili ndilo lililowashtua watawala kuliko hesabu yenyewe: haukuwa mgomo wa kiwanda kimoja wala wa kabila moja. Kibarua wa siku na karani wa mwezi, Mdigo na Mluo, aliyekaribia kulipwa na asiye na hakika ya kesho, wote walilala wakaamka na neno moja. Mwanahistoria Mmarekani Frederick Cooper, ambaye kitabu chake cha 1987 juu ya bandari ya Mombasa bado hakijapata mshindani, ameonyesha kwamba mgomo huu ulikuwa wa mji mzima zaidi ya kuwa wa kazi fulani. Sababu, nadhani, ni vyumba vile vya Majengo. Watu waliotofautiana kazini walilala mkeka kwa mkeka.

Kila siku wakakutana Kiembeni, uwanjani, maelfu kwa maelfu, na lugha ya mkutano ikawa Kiswahili, kwa kuwa hapakuwa na nyingine iliyowatosha wote. Yasimuliwa kwamba uwanja ule ulipewa jina: Ofisi ya Maskini. Nimelipenda jina hili tangu siku nilipolisoma. Maskini wa Mombasa alizijua ofisi zote za mji, ya Bwana DC, ya kampuni ya meli, ya polisi, na katika zote alisimama nje mlangoni kofia mkononi. Sasa alikuwa na yake, isiyo na mlango.

Chama kilizaliwa humo humo, baada ya mgomo kuanza na si kabla yake, kikajulikana kama African Workers' Federation, Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika. Msemaji wake mkuu akawa kijana aliyefika Mombasa si zamani, Chege Kibachia, mzaliwa wa Kiambu aliyesoma Alliance High School. Kijana wa bara, kusoma kwake kwa Kiingereza, akiwaongoza watu ambao wengi wao walisoma chuo cha Kurani au hawakusoma. Ingalikuwa rahisi kusema yeye ndiye aliyeufanya mgomo, na wakubwa walipenda kusema hivyo, maana mgomo wenye mtu mmoja nyuma yake hutibika kwa kumkamata mtu mmoja. Lakini bandari hii ilikwisha kugoma yeye akiwa bado mwanafunzi. Mgomo ndio uliompata Kibachia.

Serikali iliutangaza mgomo kuwa haramu, ikaleta askari. Ajabu ni jinsi ulivyokwenda kwa utulivu. Siku zikafuatana, tatu, tano, nane, hakuna aliyerudi kazini kwa wingi wa kuhesabika. Mwishowe akaletwa Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, awasihi watu wake. Mathu hakuja na fedha, alikuja na ahadi: rudini, na baraza la usuluhishi litasikiliza madai yenu. Jumamosi ya tarehe 25 Januari mgomo ukaisha, siku 12 tangu uanze.

Baraza liliongozwa na Ransley Thacker. Msomaji wa Kenya atasita hapo kidogo, na ana haki. Ni Thacker huyohuyo ambaye miaka mitano baadaye aliitwa Kapenguria kumhukumu Jomo Kenyatta na wenzake. Katika shauri la Mombasa alitoa nyongeza, lakini hatua ya kwanza, mwezi Machi, iliwaangalia wa mshahara wa mwezi. Kibarua akaambiwa asubiri. Yule aliyekuwa na desturi ya kutotokea kwa miaka mingi kabla ya wengine ndiye aliyewekwa mwisho wa foleni. Sidhani kuwa ilikuwa kusahau.

Mikutano ya Kiembeni haikufa na mgomo. Watu waliendelea kukutana, wakizungumza kodi, bei za vyakula, mishahara, na Kibachia akasafiri bara kutafuta matawi. Hilo likatosha. Mwezi Agosti 1947 alikamatwa, akahamishiwa Kabarnet, Baringo, mbali na bahari, mbali na reli, akakaa huko karibu miaka 10. Alipewa karatasi yake na yeye, hati ya kuhamishwa. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Septemba, wafanyakazi wa kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Uplands, hapo Kiambu, waligoma. Polisi walifyatua risasi, watu watatu wakafa. Haya ameyaandika kiongozi wa wafanyakazi Makhan Singh katika historia yake ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya, iliyotoka 1969, na hakuna aliyestahili zaidi kuyaandika: yeye mwenyewe aliwekwa kizuizini toka 1950 hadi 1961, baada ya kukamatwa pamoja na kiongozi mwenzake Fred Kubai na Nairobi nzima kugoma kwa ajili yao.

Hapa njia yangu ingeishia, kama mgomo ungekuwa kitu cha mji mmoja. Lakini makuli kazi yake ni kupitisha vitu. Kilichoingia mkono huu hutokea mkono ule. Habari za Kilindini zilishuka pwani kwa meli na majahazi, na wiki ileile ya Uplands, makuli wa Dar es Salaam nao hawakutokea. Hawakuwa wanafunzi wa jambo hilo: waligoma 1939, wakagoma tena 1943. Ila mara hii mgomo uliparamia garimoshi. Wa reli wakajiunga, na ukapanda Reli ya Kati kituo kwa kituo, Morogoro, Dodoma, Tabora, hadi Kigoma na Mwanza. Ukitaka kuuona mwendo wake, chukua ramani ya reli iliyojengwa ili kushusha mali ya bara baharini, kisha uisome kinyumenyume.

Agosti mwaka uliofuata ikawa zamu ya Unguja. Wapagazi wa bandarini walianza, na mji ukafuata, hata hamali wa mikokoteni na watumishi wa nyumbani, mpaka Septemba. Kutoka mgomo wa Dar es Salaam kilizaliwa chama cha makuli, ambacho katibu wake alikuwa Abdulwahid Sykes, jina ambalo msomaji wa Tanzania amelisoma katika habari za kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954. Chama chenyewe hakikufika huko. Mwezi Februari 1950 mgomo wa bandari uligeuka fujo, na chama kikavunjwa. Watu wakavunjiwa chama, desturi ikabaki.

Nataka nirudi Kilindini kabla sijamaliza, kwa sababu huko ndiko jambo lilipogeuka, na liligeuka kwa namna isiyopendeza kuisimulia katika sherehe za Mei Mosi. Watawala walijifunza kutokana na 1947. Walijifunza kwamba hatari ya Mombasa haikuwa njaa peke yake, ilikuwa yule mtu wa siku moja moja ambaye huwezi kumfukuza kwa kuwa hujamwajiri. Dawa yake ikawa kumwajiri. Makuli wakaandikishwa, orodha ikapunguzwa, asiyetokea mara za kutosha jina lake likafutwa. Waliobaki walilipwa vizuri, na miaka ilivyoendelea vibarua hao wa zamani wakawa miongoni mwa wafanyakazi waliolipwa vizuri kuliko wengi nchini. Machi 1955, katikati ya hali ya hatari, bandari iligoma tena, na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akashuka kutoka Nairobi kupatanisha. Alikuwa na miaka 24. Makuli walipata nyongeza kubwa. Kulikuwa na chama kilichosajiliwa, kulikuwa na meza, kulikuwa na watu wa kuketi pande zote mbili za meza hiyo.

Ulikuwa ushindi, na sitaki kuubeza. Aliyebeba magunia miaka 20 hakuwa akipigania uhuru wa kulala njaa kwa hiari yake. Alitaka chumba, matibabu, uzee wenye kitu. Lakini mgomo wa 1955 ulikuwa wa bandari, na ule wa 1947 ulikuwa wa mji. Kati ya hiyo miwili, boi wa jikoni na kibarua aliyefutwa orodhani walibaki nje ya meza. Ofisi ya Maskini ilifungwa kimyakimya, kwa nyongeza ya mshahara, jambo ambalo askari hawakuliweza. Ikaja kontena, ambayo winchi moja huibeba na mzigo ambao ungetaka magenge kadhaa ya watu, na hata wale waliokuwa orodhani wakapungua. Reli mpya ya SGR ilipozinduliwa 2017, na miaka miwili baadaye ikaamriwa mizigo yote ya kwenda bara ipande garimoshi, waliotoka barabarani Mombasa kuandamana walikuwa madereva wa malori, wenye maghala na wauza chakula wa kando ya njia. Mji, tena, zaidi ya kazi fulani.

Na kibarua? Angalia geti la eneo lolote la viwanda saa 12 asubuhi, Changamwe kwa mfano. Wamesimama pale pale walipokuwa wakisimama babu zao, wengine wana simu mkononi badala ya karatasi, wanangoja jina liitwe. Siku hizi Kiswahili chetu kimelifanya neno lile kuwa jina la kazi yoyote. "Kaka, nimepata kibarua," husema hata aliyeajiriwa benki, akicheka.

Nilifika Majengo jua likiwa limeshapanda. Uwanja sikuupata kama nilivyoufikiria. Nilipata nyumba, na msikiti, na vijana wawili wakitengeneza pikipiki, ambao nilipowauliza habari za Kiembeni walinielekeza, kwa adabu kabisa, Daraja la Nyali.

Kwa hiyo nina ombi kwako msomaji, hasa wewe wa Mvita, wa Kilifi na Kwale, wa Dar na wa Unguja. Aliyekuwa na miaka 10 siku ile ya Januari 1947 sasa amekaribia 90. Wapo bado. Kama kwenu yuko mmoja, mwamkie, mkalishe kivulini, umuulize: ile Jumatatu baba yake alipobaki nyumbani, nyumbani kulisemwa nini? Zile siku 12 walikula nini, na nani aliwakopesha uji? Uwanja ulikuwa upande gani wa barabara? Andika anavyosema, kwa Kiswahili chake, wala usimsahihishe.